Biri Chini ya Kanzu

Jumatatu, 21 Februari 1994

Ramadhani ya kumi. Asubuhi sampuli za Tabora, mchana za Iringa. Mie nanusa tu, Ambakisye anavuta. Ndivyo tunavyofanya kila mfungo tangu tuwekwe pamoja kwenye chumba cha kuonjea tumbaku. Amba ni Mnyakyusa, mtu wa kanisani, hafungi. Lakini mwezi mzima anavutia dirishani, kanipa mgongo, moshi anautoa nje usije ukanitia shaka na swaumu yangu. Sikumwomba. Alianza mwenyewe. Akimaliza anageuka, anasema alichokiona. Mie nachukua jani lenyewe, nalikunja, nasikiliza linavyovunjika, nalinusa, nakubali au nakataa.

Mwaka huu nakubali sana. Tumebishana miaka yote hiyo, sasa kila anachosema ni sawa. Mwenzangu kaanza kuijua kazi.

Mafua ya Januari yamekwisha. Pua wazi kabisa, napumua kama kijana.

Jioni nimekaa jikoni nasubiri adhana. Mama Hadija kaingia mbio kutoka uani, kaipua sufuria ya magimbi. Chini yameshika, meusi tii. Kaniuliza nilikuwa wapi. Nimemwambia nilikuwa hapa hapa, mie si mpishi. Kanitazama. Njaa ya mfungo inampanda kichwani.

Jumatano, 23 Februari

Leo imesemwa. Kwamba kiwanda kimepata mnunuzi tulijua. Jipya ni hili: mnunuzi anataka mwonjaji mmoja. Sie wawili.

Aliyelisema ni mtaalamu wao, Viktor, mzungu mrefu mwenye sauti ndogo. Hakuzunguka. Kafungua boksi la mbao juu ya meza yetu, katoa biri mbili za Kuba. Biri, ile sigara nene ya majani matupu, haina karatasi wala kichungi. Hizi zina mkanda mwekundu wenye dhahabu. Kampa kila mtu yake. Kasema tumbaku za hapa tumezizoea mno, mtu anaweza kuzitaja akiwa usingizini. Anataka kuiona pua ikikutana na kitu kigeni. Kila mtu akavute kwake, siku aipendayo, aandike alichokiona, alete kabla ya Idd. Baada ya Idd atamtaja anayebaki.

Amba kaipokea yake kwa mikono miwili, kama anapewa sakramenti. Mie nimetia mfukoni.

Nina miaka hamsini na nne. Sijui kufanya kitu kingine. Nimeanza kazi ya pua nikiwa sina ndevu. Amba ni mtu mwema na ana watoto wanaosoma, hayo nayajua. Ila kama ni mmoja, nataka nibaki mie. Naandika hivyo hivyo, hapa hakuna wa kumficha.

Kuna kitu sikumwambia Viktor. Biri ya Kuba si ngeni kwangu.

Alhamisi, 24 Februari

Ilikuwa sabini na tisa. Daktari mmoja Mkuba alikuja kiwandani na ugeni, tukapendana bure tu, akanialika kwake Kawe. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mchana ule. Tulikaa uani, viti vimelowa bado, kila mtu na biri yake, mpaka magharibi. Lugha hatukuwa nayo. Alikuwa akivuta, anafumba macho, halafu ananionyesha kwa kidole. Ananyooshea mti wa uani: yaani hapa kuna mti. Anainua kikombe cha kahawa. Anavua kiatu, ananipa nishike ngozi. Mwalimu bora sijapata kumwona. Tangu siku ile sijavuta nyingine, lakini sijasahau hata kimoja.

Kwa hiyo huyu Viktor kanipa mtihani ambao majibu ninayo.

Tatizo ni pa kuiweka. Viktor kasema mahali pa baridi, gizani, isikauke. Nyumba yetu hapa Temeke bati tupu, saa nane mchana ni tanuri. Nimezunguka vyumba vyote. Pako pahala pamoja: sanduku la msaji la Mama Hadija, alilokuja nalo siku ya harusi. Liko kwenye kona isiyopata jua, mbao zake nene, ndani kuna ubaridi. Nguo za Idd zimo tayari. Nimeifunga biri kwenye kitambaa chembamba chenye unyevu kidogo, nimeisukuma chini kabisa, chini ya kanzu yangu. Nimemwambia Mama Hadija kuna kitu changu cha kazi mle, asikisogeze. Kasema hakisogezi.

Jumapili, 27 Februari

Hakuna kazi. Nimelala mpaka alasiri. Mtoto wa jirani kamwaga mafuta ya taa barazani kwetu, mie nimekaa palepale, nimeyakanyaga ndiyo nikajua. Kandambili zimeharibika.

Jumanne, 1 Machi

Viktor kaingia chumbani kwetu, kakaa kwenye kiti pembeni, kaandika andika. Amba kavuta dirishani, kageuka, kasema: Tabora, jani la kati, limechelewa kuvunwa. Nimelikunja jani, limevunjika kwa sauti kavu. Nimekubali. La pili hivyo hivyo. La tatu nimeona nikatae, wasije wakasema nafuata mkia. Nimesema lina ukungu. Amba kalirudia, kalivuta mara mbili, kasema hauoni huo ukungu. Tumeandika kila mtu lake.

Nje kaniuliza polepole kama kweli niliunusa. Nimemwambia kama hukuunusa ni shauri yako. Kaitikia kwa kichwa, kaondoka. Sikupenda alivyoitikia.

Jumatatu, 7 Machi

Amba kavuta yake jana baada ya ibada, kwake Kinondoni, chini ya dirisha la chumbani. Mkewe kamfukuza na moshi wake. Kanihadithia mwenyewe, hakuulizwa. Kasema imemshinda. Kaona utamu mwishoni, kaona uchungu kama wa ganda la ndimu, mengine hayana jina kwake. Kaandika nusu ukurasa, kanionyesha. Sentensi fupi fupi. Mahali pamoja kaandika: hapa sijui ninachokinusa.

Unaandikaje sijui kwenye mtihani. Nimemhurumia kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 8 Machi

Kumi la mwisho liko kati na bado sijasikia udi nyumbani. Kila mwaka najua kumi la mwisho kwa pua: nakunja kona ya msikiti tu, udi wa Mama Hadija unanipokea. Anafukiza nguo za Idd, anafukiza mapazia, angekuwa na uwezo angefukiza na kuku. Mwaka huu kimya. Ama kachelewa, ama anabana matumizi. Sijamuuliza. Akiulizwa ataanza kuhesabu vitu vilivyopanda bei na adhana itatukuta hapo.

Jumatano, 9 Machi

Nimevuta leo.

Baada ya futari Mama Hadija kaenda tarawehe na wenzake. Mie nimebaki, Mungu anisamehe. Nimeitoa sandukuni. Kitambaa kilikuwa bado na unyevu wa mbali. Biri laini mkononi, haijakauka, haina mpasuko. Nimekaa uani, kibatari nimekipeleka mbali kisichafue harufu. Nimekata kichwa kwa wembe mpya. Nimevuta mara moja kabla ya kuwasha. Hewa inapita vizuri, imefungwa na mtu anayejua. Nimeinusa urefu wake wote: mti, na kwa nyuma ngozi.

Kiberiti cha njiti. Nimeacha kichwa cha njiti kiishe kuungua kwanza. Nimezungusha moto bila kugusa.

Theluthi ya kwanza. Mti uliokatwa leo, mbichi kidogo. Moshi mnene, baridi mdomoni. Majivu meupe, yameshikamana, hayadondoki.

Theluthi ya pili. Kahawa, ile ya kukaangwa nyumbani, si ya kopo. Chini yake ngozi mpya. Moto unakwenda sawasawa, hauli upande.

Theluthi ya mwisho nimeingoja kwa roho juu. Nilijua ikija hii, basi ndiyo yenyewe. Imekuja. Udongo uliolowa mvua ya kwanza. Nimefumba macho. Miaka kumi na tano na haijabadilika hata chembe. Nimeona raha ambayo sijaiona siku nyingi, nasema kweli. Nilitaka niwe na mtu wa kumnyooshea kidole.

Ulimi tu ndio umeona uchungu na joto kuliko ninavyokumbuka. Uzee wa ulimi.

Kipande kilichobaki nimekitia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Desturi ya kazi, hatutupi mpaka ripoti isomwe. Nimeandika palepale, kwa kibatari, Kiingereza changu cha kazi. Kurasa tatu. Mkono haukusita.

Ijumaa, 11 Machi

Nimepeleka ripoti. Viktor kasoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili kakaa chini. Kaniuliza nimejifunzia wapi. Nimemwambia hapa hapa. Halafu kaiweka juu ya ile ya Amba. Nimeliona hilo.

Nimetoka pale nimejaa. Nimeswali Ijumaa, nimemshukuru Mungu kwa pua aliyonipa.

Jumatatu, 14 Machi

Idd. Siku mbaya kuliko zote tangu nizikwe baba yangu. Nimekosea, tangu azikwe baba yangu. Naiacha hivyo hivyo.

Asubuhi nimeoga, nimevaa kanzu kutoka sandukuni. Msikitini watu wanakumbatiana. Jirani yangu Mzee Pazi kanishika bega, kasema, "Kondo, umenukia leo, huo udi si wa hapa." Nimecheka. Nimedhani maneno ya Idd tu. Wa pili kasema hivyo hivyo. Wa tatu kaniinamia shingoni kabisa.

Mchana Amba na mkewe wamekuja kula pilau, kama kila Idd. Kufika tu mlangoni Amba kasimama, kavuta pumzi, kasema, "Shemeji, mwaka huu umetuzidi. Nimeanza kuusikia nikiwa barabarani."

Mama Hadija kafurahi. Kasema kapata udi mzuri kwa mtu wa Unguja. Kafukiza sanduku zima wiki iliyopita, siku tatu mfululizo kuanzia Jumatatu, mie nikiondoka tu kwenda kazini yeye anatia chetezo ndani, anafunika, mpaka moshi unatoka kwenye bawaba. Mapazia pia. Jumatano ilifika mpaka nguo zilikuwa zinawasha macho.

Jumatano jioni ndiyo nimeitoa biri mle.

Nimechukua mkono wa kanzu, nimeutia puani. Nimevuta. Kitambaa tu. Nimevuta tena. Nimewaambia wageni nakuja, nimeingia chumbani, nimefungua sanduku, nimeingiza kichwa chote. Nilikuwa naona udi wenyewe, vipande vyeusi kwenye karatasi, pembeni. Nimevishika. Nimevinusa kama mtu anayenusa mawe.

Nimerudi, nimekula pilau. Binzari nyembamba, mdalasini, iliki, vyote nimeviona kwa macho kwenye sahani. Mdomoni chumvi na mafuta. Amba kasifia pilau. Nimesema ndiyo, limekaa vizuri.

Wageni walipoondoka nimemfokea Mama Hadija. Nimemwambia kaiharibu biri ya kazi, nilimkataza. Kaweka sinia chini. Kasema, "Ulisema nisikisogeze. Nimekisogeza?"

Hakukisogeza.

Halafu kaniuliza, tena kwa upole, ambao ulinichoma kuliko kama angenijibu kwa ukali: "Kwani wewe hukuusikia ulipokuwa unaivuta?"

Jumanne, 15 Machi

Idd pili. Sikutoka.

Nimejipima mwenyewe, kama sampuli. Kitunguu maji: machozi, hakuna harufu. Mafuta ya taa: hakuna. Karafuu: ulimi unakufa ganzi, hakuna kingine. Soksi zangu: hakuna, na hilo ndilo jema pekee la leo. Tumbaku ya Songea, ile ya moshi, inayonuka samaki wa kukaushwa hata ukiifungia kabatini: hakuna.

Hapana, pua haikufa jana. Imekufa na mafua. Magimbi yaliungua mbele yangu. Nimekanyaga mafuta ya taa. Nimekaa mezani na Amba mwezi mzima nakubali kila anachosema, nikasema ameanza kuijua kazi. Mfungo ulinificha. Yeye anavuta, yeye anasema kwanza, mie nalikunja jani kwa vidole na kulisikiliza. Vidole na masikio vilikuwa vinafanya kazi ya pua, pua inachukua sifa.

Na ripoti. Nimeikumbuka neno kwa neno. Sikudanganya. Hilo ndilo linanitisha. Nilivionja vile vitu, naapa nilivionja. Lakini ule mti, kahawa, ngozi ni vidole vya Mkuba. Na udongo hata yeye hakuunyooshea kidole. Udongo ule ulikuwa wa uani kwake, mvua ilikuwa imenyesha. Haukuwamo ndani ya biri hata siku ile. Nimevuta biri iliyojaa udi, nikaandika Kawe ya mwaka sabini na tisa.

Nimemwambia Mama Hadija. Kasema alijua tangu magimbi. Alidhani najua na sitaki kusema, akaniachia na siri yangu.

Sasa jambo liko hivi. Ripoti imeshafika. Hakuna anayejua. Amba hajui nilikoiweka biri. Naweza kwenda na vidole na macho mwaka mmoja, labda miwili, na kuiba kidogo kwenye uso wa mwenzangu anapovuta. Ila mwenzangu hatakuwepo. Atakuwa Kinondoni na barua yake ya kuachishwa. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi tangu asubuhi, na kila mara namaliza ninapoanzia. Naogopa. Nyumbani mie ni nani bila ile kazi, sijui.

Jumatano, 16 Machi

Kazini. Mfungo umekwisha, kwa hiyo leo kila mtu anavuta yake. Sigara za majaribio, karatasi nyeupe, hazina jina. Amba karudi mezani, kaacha dirisha. Kasema, "Umefungua, mzee. Anza wewe leo."

Nimewasha. Joto, uchungu, moshi. Jani sijaliona, limekatwakatwa ndani ya karatasi. Vidole havina cha kushika. Nimesema Iringa, imekauka vizuri.

Amba kawasha yake. Pafu moja tu. Kaitoa mdomoni, kanitazama. Hata mfagizi aliyekuwa anapita koridoni kakunja uso. Ilikuwa Songea, ile ya moshi.

Kavuta karatasi yetu ya majibu pole pole, kaandika Songea kwenye mstari wake, kisha kaandika Songea kwenye mstari wangu. Karudisha. Kawasha ya pili, na safari hii kasema yeye kwanza, kwa sauti ya kunisikizisha.

Ningependa angenicheka.

Saa ya chai nimemtolea lile kopo la maziwa. Nimemwambia nusa. Kafungua, kanusa, kafunga. Kasema, "Udi." Halafu kafungua tena, kasema, "Udi wa shemeji." Nimemwambia ripoti yangu haina udi. Kurasa tatu, hamna. Kageuza uso kuelekea dirishani. Kasema yeye hajasikia niliyoyasema, na kwamba ana mafaili ya kupeleka ghorofani. Hana mafaili yoyote ya kupeleka ghorofani.

Alhamisi, 17 Machi

Viktor katuita mmoja mmoja. Kaanza na mie.

Ripoti yangu ilikuwa mezani, kaipigia mistari. Kasema hajasoma nyingine kama ile muda mrefu. Kasema ya Amba ni ya mtu mwangalifu ila maskini wa maneno. Kasema kazi ni yangu kama naitaka. Kalamu alikuwa ameshaifungua.

Naitaka. Niliitaka pale pale, kwa tumbo, kama mfungaji anayeona maji magharibi inakaribia. Niliiangalia ile kalamu. Ingekuwa nyepesi sana.

Nimeweka kopo mezani. Nimemwambia anuse, halafu aangalie kama nimeandika anachokinusa. Kadhani natania. Kanusa. Karudia. Kapekua kurasa zangu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, anatafuta. Nikamwambia yote: sanduku, Idd, mke wangu, Mkuba wa Kawe, mvua. Kiingereza kilinipotea katikati, nikamalizia kwa Kiswahili, sijui kaelewa nini. Mwisho kaelewa. Kaifunga ile kalamu.

Kaniuliza kama nimekwenda kwa daktari. Kasema huwa inarudi, kwa wengine. Kasema pia maneno ya heshima, sikuyasikiliza yote. Nilipotoka Amba alikuwa kwenye benchi la nje, tai kavaa, tai ya kanisani. Nimemwambia ingia. Kaniuliza nimesema nini mle ndani. Nimemwambia ingia bwana, unamweka mtu.

Sikungoja. Nimetembea kwa miguu kutoka kiwandani mpaka Keko, nimesimama kwa mafundi seremala nawatazama wanavyopiga randa. Takataka za mbao mpaka vifundoni. Watu wanasema pale Keko pananukia mbao. Nimeamini tu.

Nina hasira. Sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 19 Machi

Daktari hospitali ya wilaya kaniangalia puani kwa tochi. Kasema safi. Nimemwambia najua ni safi. Kaniambia ningoje miezi. Kanipa vidonge ambavyo yeye mwenyewe hana imani navyo, nimeona alivyoviandika.

Ijumaa, 25 Machi

Nimemaliza wiki ya kwanza ya kukaa nyumbani. Nimetengeneza mlango wa choo. Nimepanga upya matofali ya uani. Hadija kaja na mjukuu, kalala siku mbili, kaondoka.

Jana jioni Amba kapita kunisalimu, na mkungu wa ndizi kutoka kwao. Tumekaa barazani. Hakuleta habari za kazini mpaka nilipouliza. Kasema kazi ipo, sampuli za Tabora zimeanza kuwa nzuri. Kasema bado anavutia dirishani, mgongo kaupa meza. Nimemuuliza kwa nini, mfungo umekwisha na mie sipo. Kasema mazoea.

Leo nimerudi kutoka kuswali Ijumaa, nimemkuta Mama Hadija chumbani na chetezo, anafukiza mapazia. Zamani nilikuwaga nikipiga kelele tokea mlangoni: inatosha, umezidisha, nyumba imekuwa ya bibi harusi. Leo nimekaa kwenye kiti, natazama moshi unavyopanda ukutani.

Kaniuliza kama kawaida, bila kugeuka, mdomo umemtangulia. "Baba Hadija, inatosha?"

Halafu kakumbuka. Kageuka na chetezo mkononi.

Nimemwambia sijui. Niambie wewe.

Kanusa. Kasema bado kidogo.